Sukuma Wiki Si Jina la Mboga Tu: Kwa Nini Eastlands Haiachi Nyama

Wasee, leo tuongee nyama. Si bei yake, hiyo kila mtu anaijua. Tuongee kwa nini hatuiachi.

Kila baada ya miezi kadhaa kuna mtu anatokea mtandaoni kutuambia tuwe wala mboga. Anakuja na hoja tatu. Ya kwanza ni afya: nyama nyekundu ikizidi inaumiza mwili. Ya pili ni mazingira: ng'ombe anakula ardhi na maji mengi kuliko shamba la maharagwe, na anatoa gesi inayopasha dunia joto. Ya tatu ni mnyama mwenyewe, ambaye hakuna siku aliomba kuchinjwa. Sitazicheka hizo hoja. Zote ziko na uzito. Lakini jioni ikifika, pita Kayole, pita Dandora, pita Umoja. Jiko la mutura limewashwa, watu wamelizunguka, kisu kinagonga ubao, kachumbari iko kando. Hakuna aliyeacha.

Jibu rahisi ni kusema watu ni wakaidi ama hawajaelimika. Hapo sikubali. Mathe anayelisha watu sita na mia mbili anajua hesabu ya chakula kuliko mtu yeyote mwenye digrii. Ukitaka kuelewa kwa nini hatuachi, rudi nyuma karibu miaka 100, uone jinsi hii mitaa yetu ilivyojengwa na nani alikuwa anakula nini. Hoja yangu ni hii: hapa kwetu nyama imekuwa risiti. Inaonyesha umelipwa, umefika, na huli tena kwa mgao wa mtu. Na risiti ya jasho lako huitupi kwa sababu mgeni amekuambia karatasi inaharibu mazingira.

Majina yenyewe yanaongea

Anza na sukuma wiki. Tumelizoea jina mpaka hatulisikii tena. Lakini lisikilize polepole: sukuma, wiki. Hili si jina la mmea, ni jina la hali ya mfuko. Wiki ina siku saba, pesa inatosha siku mbili, zile tano zinazobaki lazima zisukumwe na kitu. Hakuna mtu duniani amewahi kuita nyama "sukuma" chochote. Nyama haisukumi wiki, nyama inafunga mwezi.

Sasa chukua neno posho. Asili yake ni chakula cha mgao, unga ambao mwajiri alimpimia kibarua. Jirani zetu Uganda mpaka leo ugali wanauita posho. Yaani mgao wa mtu mwingine uligeuka kuwa jina la chakula cha nchi nzima. Kisha kuna madondo, maharagwe ya shule, yale ambayo kila aliyekaa bweni ana hadithi nayo. Ukiweka hayo majina pamoja utaona kitu: chakula cha mimea, katika lugha yetu ya mjini, ni chakula cha kungoja, cha kupimiwa, cha kupigiwa kengele.

Lugha ya nyama ni tofauti kabisa. Mshahara ukiingia, tunachoma. Mtoto akifaulu mtihani, kuku. Mgeni wa maana akija, kuku tena. Ukipeleka mahari, mbuzi. Hata siasa zetu zimehamia bucha: kuna wanaokula nyama na kuna wanaomeza mate. Ukimwambia mtu aliyekulia katika lugha hii "kula mboga tu", wewe unadhani umempa ushauri wa afya. Yeye amesikia ukimrudisha kwenye foleni ya kumeza mate.

Babu zetu hawakula nyama kila siku

Kuna upande wa pili unaosema, "Nyama ni utamaduni wetu, Mwafrika ameila tangu jadi." Huo nao ni ukweli nusu, na ukweli nusu ni hatari kwa sababu unatembea vizuri.

Jamii nyingi za wakulima nchini zilikula mimea siku nyingi za mwaka: wimbi, mtama, kunde, mbaazi, viazi vikuu, nduma, ndizi, mboga za majani. Mkikuyu alikuwa na njahi, na mama aliyejifungua alipewa hizo njahi ili apate nguvu. Mahindi tunayoyaona kama ya kwetu tangu Edeni yalitoka Amerika, na yalitawala sahani zetu katika karne ya 20 tu. Hata Wamaasai, ambao kila mtu anawataja hoja ya nyama ikianza, waliishi zaidi kwa maziwa ya mifugo yao kuliko kwa kuchinja kila siku.

Ng'ombe na mbuzi walikuwa benki. Walikuwa mahari, fidia ya kosa, akiba ya kiangazi. Kuchinja bila sababu ilikuwa kama kuchoma noti. Kwa hivyo nyama ililiwa kukiwa na jambo: tohara, ndoa, mazishi, kiapo, mgeni. Na ilipoliwa, kila finyango ilikuwa na mwenyewe. Kwa Waluhya, ile imondo ya kuku ni ya mwanaume wa nyumba ama mgeni wa heshima, na mpaka leo kuna nyumba Umoja ambapo mama mwenye digrii mbili anaipika na haigusi. Kwa jamii nyingi mbuzi aligawanywa kwa umri na jinsia: wazee hapa, vijana pale, wanawake kule.

Kumbuka hiyo. Nyama ilikuwa nadra, na kwa sababu ilikuwa nadra ilibeba cheo. Mtu akikuambia Mwafrika amekuwa akila nyama kila siku tangu zamani, mwambie hiyo ni historia ya bucha, si historia ya boma.

Kisha likaja pigo. Miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulipita Afrika Mashariki na kuua sehemu kubwa sana ya ng'ombe. Wafugaji waliangushwa na njaa, ndui ikaongezea. Reli ya kutoka Mombasa ilifika hapa mwaka 1899 na kupiga kambi kwenye malisho ya Wamaasai, mahali palipoitwa kwa maji yake ya baridi. Nairobi ilizaliwa juu ya nyasi ambazo, miaka michache kabla, zilikuwa zimepoteza ng'ombe wake.

Mji uliojengwa kwa mgao

Serikali ya kikoloni haikupanga Mwafrika aishi Nairobi. Ilipanga afanye kazi, kisha arudi kwao. Pumwani ilianzishwa mwaka 1922 kama mtaa rasmi wa Waafrika, upande wa mashariki, mbali na Wazungu. Kariokor ilipata jina kutoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza. Baadaye zikaja Shauri Moyo, Ziwani, Makongeni ya watu wa reli, Kaloleni na mitaa mingine. Vyumba vingi vilikuwa vidogo, kwa sababu hesabu ilikuwa ya mwanaume mmoja na kitanda chake. Mke na watoto walitarajiwa wabaki mashambani wajilishe wenyewe.

Mshahara nao ulifuata hesabu hiyo hiyo. Mwaka 1954 kamati ya serikali ya kikoloni kuhusu mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na F. W. Carpenter, ilikiri kwamba mishahara ilikuwa imepangwa kwa mtu mmoja asiye na familia, na kwamba wengi hata wao wenyewe haikuwatosha. Serikali yenyewe ndiyo ilisema hivyo.

Fikiria basi jikoni la huyo mtu wa Makongeni. Ametoka karakana ya reli jioni, amechoka. Githeri inataka masaa kadhaa ya moto, na moto ni pesa. Kule mashambani githeri ilichemka siku nzima kwa sababu kulikuwa na kuni na kulikuwa na mtu nyumbani. Mjini hakukuwa na kuni wala mtu. Kilichobaki ni unga, chai, mkate, mboga kidogo. Chakula kile kile ambacho kwao kilikuwa cha heshima, kikiwa na mbegu aina tano na mboga aina nne, mjini kilibaki unga na majani. Watu hawakuchukia mimea. Walichukia ile sahani maskini ambayo mji uliwapa, wakaipa jina la mimea.

Na nani alikuwa anakula nyama? Walowezi. Ranchi zao zililindwa, huku maeneo ya mifugo ya Waafrika yakiwekwa karantini ya magonjwa kwa miaka mingi, wenyewe wasiweze kuuza ng'ombe wao nje kwa uhuru. Kulikuwa na magonjwa ya kweli, lakini karantini pia ilimsaidia mlowezi kubaki na soko peke yake.

Sayansi ikaingia na rula

Mwaka 1931 wanasayansi wawili, John Boyd Orr na John Gilks, walichapisha utafiti uliofanywa hapa Kenya. Walipima Wamaasai na Wakikuyu. Wakasema mwanaume Mmaasai kwa wastani alimzidi mwenzake Mkikuyu urefu wa inchi 5 na uzito wa ratili 23, na nguvu za misuli kwa asilimia 50. Sababu waliyoitaja ni chakula: huyu anakula maziwa, nyama na damu, yule anakula nafaka na viazi.

Huyo Orr hakuwa mtu mdogo. Baadaye alikuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, na mwaka 1949 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Kwa hivyo ujumbe ulisafiri: nyama ni nguvu, nafaka ni udhaifu. Ukisikia mtu gym ya Donholm akisema, "Huwezi jenga mwili na madondo," unasikia mwangwi wa 1931.

Lakini angalia kilichoachwa nyuma. Wakikuyu waliopimwa walikuwa watu waliokuwa wamenyang'anywa ardhi, wanaofanya kazi ya kibarua, wanaougua magonjwa ya umaskini. Utafiti ulipima sahani, ukaacha kupima shamba lililochukuliwa. Na ripoti hiyo hiyo iliona kwamba wanawake Wakikuyu, waliokula mboga za majani zaidi kuliko waume zao, walikuwa na afya nzuri kuwaliko. Majani yalifanya kazi. Sehemu hiyo haikusafiri sana.

Dunia nayo ilibeba hofu ya protini kwa miaka mingi baada ya vita, mpaka mwaka 1974 daktari Donald McLaren alipoandika katika jarida la The Lancet kwamba hilo "pengo la protini" lilikuwa kosa kubwa. Watoto wengi walikosa chakula chenyewe cha kutosha, si protini peke yake. Kufikia hapo watu washaamini kwamba bila nyama hujakula.

Mwaka ambao watu waliandamana kwa sababu ya ng'ombe

Hii sehemu ningetaka ifundishwe kila shule ya Eastlands, kwa sababu ilifanyika hapa hapa.

Miaka ya 1930 serikali ilisema Ukambani kuna ng'ombe wengi mno, udongo unamomonyoka, lazima wapunguzwe kwa nguvu. Wakati huo huo kampuni ya Liebig's, iliyojulikana duniani kwa kugeuza ng'ombe kuwa mchuzi mzito wa chupa, ilikuwa inaanzisha kiwanda Athi River. Kiwanda kilihitaji ng'ombe wa bei ya chini. Unaona jinsi mambo mawili yalivyokutana. Mwaka 1938 ng'ombe wa Wakamba wakachukuliwa na kupigwa mnada.

Julai mwaka huo, maelfu ya watu, wanaume, wanawake na watoto, walitembea kutoka Machakos hadi Nairobi kutaka kuonana na Gavana. Walipiga kambi Kariokor, wakakaa wiki kadhaa. Kiongozi wao aliyejulikana zaidi ni Muindi Mbingu. Serikali ilimkamata na kumpeleka Lamu kizuizini, lakini mpango wa kupunguza ng'ombe kwa lazima ukashindwa.

Leo jina lake liko kwenye barabara katikati ya jiji, na barabara hiyo inapita kando ya City Market, penye mabucha. Watu wananunua nyama pale kila siku bila kujua kwamba Muindi Mbingu alifungwa akipinga ng'ombe wa watu wasigeuzwe nyama ya kiwanda cha mtu mwingine. Wale waandamanaji hawakuwa wanapigania haki ya kula nyama, na hawakuwa wala mboga. Walipigania kuamua wenyewe mnyama wao afe lini, kwa ajili ya nani na kwa bei gani. Hilo swali mpaka leo hatujalimaliza.

Mwaka 1950 serikali iliunda KMC, Tume ya Nyama ya Kenya, hapo hapo Athi River. Nyama ikawa biashara rasmi ya nchi.

Burma, Kiamaiko na nyama ya mbao

Vita Vikuu vya Pili vilibadilisha kitu kingine. Askari wa KAR kutoka Afrika Mashariki walipelekwa mpaka Burma kupigana na Wajapani. Jeshini mgao ulikuwa na nyama. Waliporudi hawakuwa tayari kurudi kwa posho kimya kimya. Jina Burma tumebaki nalo kando ya Jogoo Road, karibu na City Stadium, na sasa likitajwa hakuna anayefikiria msitu wa Asia. Anafikiria nyama choma.

Uhuru ukaja 1963. Familia zilizokuwa zimekatazwa mji zikaingia. Dandora ikapimwa ploti, Umoja ikajengwa, Buruburu ikajengwa, Kayole ikafuata. Kwa kizazi hicho, kuweka nyama mezani Jumapili ilikuwa kusema kitu ambacho hotuba za Madaraka Day hazikuweza: mimi si kibarua wa kitanda kimoja tena, niko na nyumba, niko na watu, na wanakula.

Tangu hapo Eastlands imefanya kazi moja kubwa: imeifungua nyama kwa kila mfuko. Huwezi kilo? Chukua robo. Huwezi robo? Kuna matumbo. Kuna supu ya kichwa na miguu. Kuna shingo na miguu ya kuku. Kuna mutura ya mbao, hata ya ashu kama mwenye jiko anakujua. Kuna smoki pasua. Kiamaiko, mbuzi wanashuka kutoka kaskazini, Marsabit, Isiolo, Moyale, na jioni wako kwenye sahani za Huruma na Mathare. Hakuna sehemu ya mnyama inayotupwa. Mtu anayesema sisi tunapoteza chakula hajawahi kusimama kwa jiko la mutura.

Ila usidanganywe na moshi. Ukigawanya kwa watu wote, Mkenya anakula takribani kilo 15 za nyama kwa mwaka. Mmarekani anakula zaidi ya 100. Kwa hivyo mtu akituambia tupunguze, swali la haki ni: tupunguze kutoka wapi? Jumatatu sukuma, Jumanne ndengu, Jumatano sukuma na yai, Alhamisi madondo, Ijumaa kabeji. Sisi tayari ni wala mboga wa lazima, na wala nyama wa moyo. Unataka kumhubiria nini mtu ambaye siku tano kwa saba anaishi mahubiri yako bila kuchagua?

Wahindi walituachia chapati

Mtu atauliza: lakini Nairobi imekuwa na wala mboga tangu mwanzo, mbona hawakutuambukiza? Kweli kabisa. Reli ilileta maelfu ya vibarua kutoka India, na nyuma yao wakaja wafanyabiashara, wengi Wagujarati, wakiwemo Wahindu na Wajaini ambao hawali nyama kwa sababu ya imani. Ngara na Parklands zimekuwa na hoteli za mboga tupu kwa miaka mingi. Chakula kitamu, hakuna ubishi.

Tulichukua nini? Chapati, mpaka ikawa chakula cha Krismasi. Bhajia. Sambusa, ambayo iko Pwani pia tangu zamani, na tukaijaza nyama ya kusaga. Tulichukua mapishi, tukaacha kanuni. Sababu si kwamba hatukuielewa. Mji ulikuwa umegawanywa kwa rangi: Mzungu huku, Mhindi pale, Mwafrika mashariki. Mwafrika aliingia jikoni la Mhindi kama mpishi ama mfanyakazi. Alijua ladha, lakini hakukaa mezani na kuulizana kwa nini. Maadili ya chakula yanahama mezani, watu wakiwa sawa.

Mifano ya ndani ipo pia. Waadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na kanisa lao linasifu chakula cha mimea. Marasta wa mtaani wana ital yao. Ukitembea Eastlands utapata wote. Wengine wameacha nyama kweli, na ukiwaangalia, wana kitu kimoja ambacho video haina: wana kundi. Kuna watu wanaokula nao, wanaoomba nao, wanaowaheshimu kwa sababu ya hiyo sahani. Kwao kuacha nyama kulikuja na cheo kipya. Waadventista wengine wengi bado wanakula nyama, na hakuna anayewafukuza, maana ni pendekezo tu.

Sababu nne, na ya tano ya kwetu

Mwaka 2015 mtafiti Jared Piazza na wenzake walichapisha utafiti kuhusu jinsi watu wanavyojitetea kula nyama. Majibu mengi yaliingia katika mafungu manne: ni ya asili, ni ya kawaida, ni ya lazima, ni tamu. Uliza mtu Donholm, atakupa hayo hayo manne kabla matatu hajashika njia.

Sasa unajua kila moja linatoka wapi. Asili: lakini babu alikula mara chache. Kawaida: ni kawaida ya juzi, ya mji. Lazima: rula ya 1931. Tamu: hapo sina la kusema, mutura ni tamu. Mimi naongeza la tano, na kwangu ndilo zito kuliko yote: ni heshima.

Angalia kilichotokea Julai 2019. NTV ilirusha uchunguzi ulioonyesha nyama ya supamaketi ikitiwa kemikali ili ibaki nyekundu ionekane mbichi. Nchi nzima ilishtuka. Kama hoja ya afya ingekuwa inatosha, ile ndiyo ilikuwa wiki ya kuacha. Lakini gumzo la mtaani halikuwa "tuache nyama". Lilikuwa "sasa tununue wapi?" Watu wakasifu bucha la mtaani, lile ambalo nyama inaning'inia unaiona na mwenyewe unamjua jina. Hofu ilibadilisha mlango, haikubadilisha sahani.

Kwa hivyo tufanye nini?

Siwezi kumwambia mtu aache nyama, na sitamwambia mtu nyama ni haki ya mungu. Lakini kujua hii historia kunabadilisha mambo matatu.

La kwanza, kunatuondolea aibu. Kijana anakopa pesa kwa simu Ijumaa ili aonekane anachoma na mabeste, halafu Jumatatu anafunika sahani ya githeri kazini wasiione. Buda, hiyo aibu si yako. Ilipandwa na mtu aliyempimia babu yako unga. Maharagwe hayajawahi kukukosea.

La pili, kunafungua mgao. Kama nyama ni heshima, uliza nani nyumbani kwenu anapata kipande gani. Kama dadako bado anapika imondo asiyoruhusiwa kula, shida yenu haiko kwa nyama, iko kwa cheo. Heshima inayohitaji mwingine ameze mate ni ile ile ya mkoloni, imevaa nguo za nyumbani.

La tatu, kunawapa kazi wale wanaotaka tupunguze. Acheni kutuletea vitisho na nyama ya bandia ya bei ya wiki nzima. Anzeni na yule mama wa kando ya barabara anayechemsha maharagwe na githeri kwa makaa na kuuza kwa kikombe. Huyo amemaliza shida ya moto na muda ambayo mji ulituletea tangu enzi za Makongeni. Mfanye abebe cheo. Rudisheni njahi, kunde, managu, terere kwenye sahani ya sherehe, si sahani ya dhiki. Na msimsahau mfugaji wa Marsabit: ukame wa 2020 hadi mapema 2023 uliua zaidi ya mifugo milioni 2 nchini. Yeye anajua gharama ya mabadiliko ya hali ya hewa kuliko msemaji yeyote, na pia karo ya watoto wake inatoka Kiamaiko. Mpango wowote usiomhesabu ni karantini nyingine.

Kula mboga kwa sababu huna pesa si kuchagua, na kula nyama kwa sababu unaogopa kuonekana huna pesa si kuchagua pia. Kuchagua kunaanza siku ile uko na soo mbili mfukoni, bucha liko wazi, harufu ya mutura imekushika pua, na bado unanunua madondo na chapati kwa sababu ndizo unazitaka. Siku hiyo hakuna anayesukuma wiki. Unakula tu.

Sasa nijibuni: nyumbani kwenu, nyama ilikuwa siku gani? Na imondo alikula nani?